Mlango wa Kushoto wa Noah

Mlango ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe, lakini rangi haikuchubuka hata kidogo. Hilo ndilo lililomkera Mdoe tangu mwanzo. Alikuwa amenyoosha bodi za magari pale Manundu tangu enzi za ndevu zake za kuhesabika, na alishaona kila aina ya ajali ambayo barabara ya Korogwe na Handeni inaweza kumletea fundi: ng'ombe, pikipiki, nguzo za umeme, hata mkwe aliyegonga gari la mkwewe siku ya posa. Bati likiingia ndani kiasi kile, rangi lazima ipasuke. Lakini ile Noah nyeupe ilikuwa na shimo la kulaza mtoto mchanga katika mlango wa mbele wa kushoto, na rangi iling'aa ndani ya shimo kana kwamba gari lilitoka kiwandani nalo.

"Umegonga nini, bosi?" aliuliza.

"Mbuzi," alijibu Awadhi, mwenye gari, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Handeni. Alijibu upesi, macho kwenye simu.

"Mbuzi amekugonga ubavuni?"

"Fundi, mbuzi ni mbuzi. Jumamosi namuoza binti yangu, na gari hili ndilo litakalombeba. Nataka liwe halina kovu."

Godlisten, fundi rangi wa gereji ile, alicheka huku akisafisha bunduki yake ya kupulizia. Alikuwa kijana wa Vugiri, mtu wa kwaya, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. "Mbuzi wa siku hizi wanapita kulia na kushoto kama bodaboda," alisema.

Mdoe hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja ndani ya shimo. Jua lilikuwa la utosi na bati lote lilikuwa linaunguza, ila pale palikuwa na ubaridi wa mtungi uliowekwa kivulini. Akautoa mkono, akaufuta kwenye suruali, akajiambia ni njaa.

Kwa desturi yake angefungua mlango ule, atoe kitambaa cha ndani, apige bati kwa nyuma taratibu mpaka lirudi lilikotoka. Kazi ya kujaza shimo kwa puti, ule uji mzito unaoganda kama jiwe, aliidharau. "Gari si andazi, usilipake unga," ndivyo alivyozoea kuwasema mafundi wa jirani. Lakini Jumamosi ilikuwa mlangoni, Awadhi alisimama juu ya kichwa chake kama nzi wa buchani, na ule ubaridi haukumpa hamu ya kuingiza mkono tena. Akaamua kujaza. Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio, ingawa Mdoe alikuja kulia vizuri sana.

Alichukua kipande cha kanga kuukuu ya mkewe, Mwanaidi, akakichovya kwenye thina ya kuyeyushia rangi, akafuta lile shimo. Ndivyo wafanyavyo mafundi wote. Kanga ikichakaa kiunoni mwa mke huishia gereji, kwa kuwa pamba yake imelainika na haiachi manyoya kwenye bati. Akakoroga puti, akajaza, akasubiri likauke, akapiga msasa mpaka mlango ukawa tambarare. Godlisten akapuliza rangi. Ijumaa Awadhi aliondoka na gari lake akitabasamu, na kwa kweli ungeapa mlango ule haujawahi kuguswa.

Jumamosi adhuhuri Mwanaidi alikuwa akifua uani. Akaacha ghafla, akaegemea karo.

"Baba Zaina," aliita, "hebu nishike hapa."

Mdoe akamshika chini ya mbavu za kushoto, juu ya gauni, na vidole vyake vikazama. Palikuwa na kibonde kidogo, kama kiganja cha mtu kilikuwa kimekandamiza udongo mbichi kikaondoka. Hapakuwa na jeraha wala wekundu. Palikuwa na baridi.

"Panauma?"

"Hapaumi," alisema Mwanaidi, akajaribu kucheka. "Ila sipati pumzi yote."

Hospitali walimpima kwa uangalifu na kumpiga picha. Mbavu zote nzima, mapafu safi. Wakamwambia arudi akizidiwa, na kuzidiwa hakukukawia. Kila jua lilipofika utosini kibonde kiliongezeka kina, na kila kilipoongezeka pumzi yake ilipungua, hata ikawa anazungumza kwa vipande, neno hapa na neno pale, kama mtu anayepanda mlima wa Vugiri na mzigo kichwani. Nyumba nayo ikaanza kunuka rangi mbichi. Mdoe alivua nguo za kazi akaziacha gereji, akaoga kwa sabuni ya kufulia, akafungua madirisha yote, lakini harufu ilibaki palepale kitandani. Kisha ikaja sauti. Mwanzoni alidhani ni panya darini, halafu akadhani ni jirani anakwangua sufuria, mpaka mchana mmoja alipokaa kando ya mkewe, nje kukiwa kimya na kuku wamejilaza kivulini, akasikia kwaru, kwaru, kwaru, mwendo ule anaoujua kuliko mwendo wa moyo wake mwenyewe, mwendo wa msasa juu ya puti, nao haukutoka darini wala kwa jirani bali ulitoka chini ya shuka, ndani ya ubavu wa Mwanaidi, ukienda mbele anapovuta pumzi na kurudi nyuma anapoitoa.

"Unasikia?" Mwanaidi alinong'ona.

"Nasikia."

"Kuna mtu ndani. Anakwangua. Anataka nafasi." Akafumba macho. "Usiniache nife, Baba Zaina. Zaina bado yuko shule."

Mdoe aliogopa, na haoni haya kulisema. Alitoka mbio na kandambili zisizofanana, akaenda kumtafuta Mwinjuma.

Mwinjuma alikuwa utingo wa malori ya mkonge kabla ya kuwa mganga, na ukali wa utingo haukumtoka. Hakuwasha ubani wala hakuuliza jina la mama wa mgonjwa. Aliinama, akaweka sikio ubavuni kwa Mwanaidi, akainuka na uso uliokunjamana.

"Gari gani la mwisho umeziba shimo bila kulinyoosha?"

"Noah ya mtu wa Handeni."

"Kabla ya kuziba ulifutia nini?"

Mdoe alijikuta akitazama kanga ya mkewe iliyotundikwa ukutani. "Kanga yake," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi ulimfungia mwenye shimo lile akiwa ndani, kisha ukampa harufu ya mkeo. Angekaa wapi?" Mwinjuma alichukua mfuko wake. "Mwite mwenye gari. Tukutane pale alipogonga, adhuhuri. Na mgonjwa aje."

Kwenye simu Mdoe alijiandaa kubembeleza, lakini Awadhi alikubali haraka kuliko alivyotarajia. Binti yake, alieleza kwa kusitasita, amekataa kupanda tena gari lile. Siku ya harusi aliuliza njia nzima ni nani anayemhemea shingoni. Godlisten yeye alikataa kufuatana nao. "Mimi na waganga hapana, fundi. Mama nitamwombea kanisani," alisema, na hakuwa na ubaya moyoni.

Walikutana mbele ya Sindeni, mahali barabara inaponyooka katikati ya vichaka vikavu na hakuna nyumba. Mwanaidi alilazwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi, mdomo wazi. Mwinjuma alimpa Mdoe ishara. Mdoe akashika patasi na nyundo, akapiga kwenye ukingo wa puti mlangoni mwa Noah, na puti ambalo kwa kawaida hutoka vipandevipande likabanduka lote kwa pamoja, likaanguka mikononi mwake.

Chini yake bati lilikuwa limenyooka. Halikuwa na shimo, halikuwa na mkunjo, lilikuwa limenyooka kama la gari jipya, na Mdoe alilipapasa mara mbili, tatu, akitafuta lile shimo alilolijaza kwa mikono yake mwenyewe, akilitaka, akiliomba liwepo, kisha akaligeuza lile bonge la puti kutazama upande wa nyuma, na pale palikuwa na uso, uso wa mtu mzima uliochongeka vizuri kuliko picha, wenye kovu juu ya jicho, kovu lilelile ambalo Mwanaidi alilipata kwa jembe alipokuwa msichana, macho yamefumbwa, mdomo wazi ukitafuta pumzi.

"Sema ulichogonga," Mwinjuma alimwambia Awadhi.

"Mbuzi."

Kutoka ndani ya teksi ile kwaru-kwaru iliongeza kasi. Mwanaidi alikoroma. Mdoe aliweka puti chini, akamshika Awadhi ukosi wa shati kwa mikono miwili.

"Mke wangu anakufa, kaka. Sema."

Awadhi alitazama barabara yote, mbele na nyuma, kama mtoto anayetafuta pa kukimbilia. "Sikumgonga," alisema mwishowe. "Alikuwa mwanamke. Amesimama hapa juani, hana kivuli, kanipungia mkono nimbebe. Niliogopa, nikaongeza mwendo. Akaegemea mlango nikiwa katika mwendo. Aliegemea tu. Nilipomtazama kwenye kioo alikuwa bado amesimama, ila ubavu wake mmoja haukuwepo." Akapiga magoti kwenye lami ya moto. "Bibi, nisamehe. Nilikuona nikakupita. Ubavu wako ninao mimi."

Hewa ilisimama. Kisha mlango wa Noah ukaita *bop*, mlio wa debe tupu, na bati likazama mbele ya macho yao mpaka likawa shimo lilelile. Kwenye teksi Mwanaidi alivuta pumzi moja ndefu, akaketi, akaomba maji.

Mwinjuma hakuonyesha furaha. Alipondaponda puti kwa nyundo, akafukia unga wake kando ya njia. "Amesamehe," alimwambia Awadhi, "lakini tembea na shimo lako. Usilinyooshe, usilizibe. Akifungiwa tena hatasikiliza neno la mtu."

Awadhi aliapa kwa Mwenyezi Mungu. Mdoe alimwamini, kwa sababu siku hiyo alitaka kuamini kila kitu.

Masika yakapita. Mwanaidi alinenepa, ubavu wake ukajaa, Zaina akaja likizo na kurudi shule bila kujua lolote. Godlisten alihamia Handeni, akafungua gereji yake. Mdoe akarudia raha yake ya kuwasema mafundi wa jirani. Adhuhuri moja alikuwa amekaa barazani akisubiri chakula, simu ikaita.

"Shikamoo, fundi." Ilikuwa sauti ya Godlisten, ya chini mno.

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

"Ile Noah ya Awadhi iko kwangu. Kapata mnunuzi, akasema mnunuzi hataki shimo. Niliijaza puti juzi. Nilidhani yale mambo yenu ni ya waganga tu. Leo puti limebanduka lenyewe. Chini bati limenyooka. Na kwa nyuma kuna uso."

Jikoni Mwanaidi alikuwa akipakua, akiimba kidogokidogo.

"Ulifutia nini?" aliuliza Mdoe.

"Ovaroli lako kuukuu, fundi. Ulinipa mwenyewe siku naondoka, ukasema litanifaa kwa matambara."

Mdoe hakuuliza uso ule ulikuwa wa nani. Tangu alfajiri alikuwa akiegemea upande wa kushoto, hapati pumzi yote, akidhani ni godoro.