Aliyesaliwa Kabla ya Kukoshwa

Magharibi ilikuwa haijaadhiniwa nilipotoka kwenda dukani kununua sabuni ya mche. Wifi yangu Badria alikuwa edani, na kizuka, mjane anayekaa eda, haogi kwa sabuni ya kunukia. Mimi, mtu wa Ng'ambo niliyezoea mambo ya mjini, nilikuja Jambiani na sabuni tatu, zote zinanukia mawaridi. Mama alizitazama, akazisukuma kando kwa kidole kimoja. Tangu mchana alikuwa amenikatia maneno.

Badria ni mke wa kaka yangu Wakil. Miaka kumi na moja nyuma, Wakil aliingia maweni, kule kwenye vichaka vya mawe nyuma ya kijiji, kukata kuni za tanuri la chokaa. Hakutoka. Waliomtafuta waliokota shoka lake na kiatu kimoja mbele ya pango, basi. Mganga akamwambia mama kwamba mwanawe hakufa, amechukuliwa, anatumikishwa na watu wasioonekana. Mama akaning'inia hapo hapo. Mimi na waganga hatupikiki chungu kimoja. Wanakula kwa machozi ya watu.

Nilichokuwa nakiona mimi ni Badria. Si mke, si mjane. Hana mtoto, umri unakwenda, na kulikuwa na mwanamme mstahiki wa Makunduchi aliyekuwa tayari kumuoa. Nampenda wifi yangu, nami nilichoka kumuona akizeeka mlangoni. Nikamshika mkono mpaka mahkama ya Kadhi. Tangazo likatolewa redioni, hakuna aliyejitokeza. Jana yake, Alkhamisi, mimi na Ami Jecha, ndugu wa marehemu baba, tukaapa kwamba hatuna habari ya Wakil wala dalili ya uhai wake. Kadhi akahukumu kuwa amekufa, na mkewe akae eda. Ijumaa, baada ya sala, wanaume wakamsalia sala ya ghaibu, ile anayosaliwa maiti asiyekuwapo.

"Aliyechukuliwa husubiriwa," mama alituambia kabla hawajaondoka kwenda msikitini. "Mkishamsalia, mshawapa wao."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba kusubiri kwake kumemla mtoto wa watu.

Dukani nilimkuta Nahodha, mwenye duka. Yeye ni mtu wa Donge, hana hata mwaka pale kijijini, na hakumjua Wakil. Aliifunga sabuni kwenye gazeti polepole, huku akiangalia njia.

"Kwenu kuna msiba, eti?"

"Wa zamani," nikasema. "Leo tumesali tu."

"Basi ndiyo yule." Akashusha sauti. "Kapita mtu hapa sasa hivi. Kasimama pale kivulini, hakusogea. Kaniuliza kama nina pamba na karafumaiti."

Karafumaiti hupakwa maiti. Hainunuliwi kwa kitu kingine.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamuuliza, kafa nani? Akasema..." Nahodha akacheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kucheka. "Akasema, wamesali lakini hawajakosha."

Nilichukua sabuni yangu nikaondoka. Njiani nilijipa moyo: mwendawazimu, mlevi, mtu wa mzaha. Kijiji kizima kilijua kwamba tumesali. Lakini miguu ilikuwa inakwenda mbio bila ya ruhusa yangu.

Nyumbani taa ilikuwa haijawashwa. Mama alikuwa kwenye mkeka wake wa kusalia, lakini hakuwa akisali. Badria alisimama kwenye mlango wa chumba, mweupe wote kwa nguo za eda, mkono mdomoni.

Nikasikia maji.

Shaa... Kimya. Kata ikagonga pipa. Shaa...

Yalikuwa yanatoka uani. Pamoja nayo ikaja harufu, nzito na chungu, harufu ya samadi ya popo na mawe yasiyopigwa na jua. Kila mtoto wa Jambiani anaijua. Ni harufu ya pangoni.

"Nani anakoga?" nikanong'ona.

"Hajaweza kukoga," mama akasema. "Anajaribu. Maiti hajikoshi."

"Mama, acha."

"Wewe ndiye uloapa. Katazame."

Nilikwenda. Nilitaka nimkute mwizi, wallahi, mwizi mwenye panga. Nikausogeza mlango wa uani nikachungulia.

Kitanda cha kamba, ambacho mchana kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimewekwa katikati ya ua. Chini yake pamechimbwa mfuo, lile shimo refu la kupokea maji ya maiti. Udongo wake ulikuwa mbichi. Juu ya kitanda amelala mtu, na nilichokiona vizuri ni nyayo. Zimepasuka, zimeganda chokaa. Mguu wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Kidole hicho Wakil alijikata kwa shoka alipokuwa mdogo, na mimi ndiye niliyekifunga kitambaa.

"Salhiya..."

Nikapiga hatua moja uani.

"Salhiya... n'kosheni."

Sauti ilikuwa yake, lakini imekwaruzika.

"Kaka," nikasema, "ulikuwa wapi?"

"Kwao. Mchana wakanambia, kwenu washakusalia. Huna tena wa kukungoja. Nenda wakakukoshe, kisha urudi."

"Nani wamekwambia?"

Mkono uliinuka, ukashika kata, ukajimwagia maji kifuani. Shaa... Maji yakashukia mfuoni.

Nilirudi ndani kinyumenyume. Nililia, sioni haya kusema. Nikamwambia mama nakwenda kumwita Ami Jecha na wanaume, waje wamuone, waje wamshike.

"Wanaume washamaliza kazi yao msikitini," mama akasema. "Mwanamme hukoshwa na wanaume, au na mkewe. Hao waliambiwa maiti hayupo, wakaridhika. Kabaki mkewe."

Badria akanitazama. Kisha akanyoosha mkono kwa utulivu, akaichukua sabuni iliyokuwa kwapani mwangu.

"Wifi, usende," nikamwambia. "Nakuomba. Ngoja n'rudi."

"Nshangoja sana," akasema. "Kanitaja jina kabla hujaja. Kanambia, Badria, nna baridi."

Nilikimbia. Nyumba ya Ami Jecha iko nyuma ya msikiti, si mbali, lakini yeye ni mzee na alitaka kwanza kujua ni nini. Nikamwambia kuna mtu uani. Hilo tu ndilo niliweza kulisema. Akachukua bakora na tochi.

Tulipofika, maji yalikuwa yamenyamaza. Harufu ya pango imeondoka, imebaki harufu ya karafumaiti. Sisi hatukuwa nayo nyumbani. Ami Jecha akamulika. Kitanda kimerowa chote. Mfuo umejaa maji meupe ya chokaa. Hapakuwa na mtu juu ya kitanda. Badria alikuwa amepiga magoti pembeni, mikono inamchuruzika.

"Kenda wapi?" nikamuuliza.

"Wamembeba."

"Akina nani, mwanangu?" Ami Jecha akauliza.

"Sikuwaona. Kitanda kiliinama tu, kama pale wanapoinua jeneza, kisha akawa hayupo."

Nilimkumbatia. Nikamwambia amefanya wema, kwamba sasa kaka yangu kakoshwa, katulia, na yeye yuko huru. Nilikuwa nasema tu, ili nisinyamaze. Akaniondoa taratibu, akaanza kunieleza.

"Nilimkosha upande wa kulia, kisha wa kushoto, kama inavyotakiwa. Nikamkosha na kifua. Nilipoweka mkono hapa..." Akajigusa chini ya titi. "Wifi, ulikuwa unapiga."

"Nini?"

"Moyo. Na mwili una joto. Si joto la homa. Joto la mtu."

Ami Jecha akazima tochi. Sijui kwa nini.

"Nikamwambia, Wakil, wewe mzima, inuka twende ndani. Akasema hawezi, keshahukumiwa. Akasema nikimuacha nusu watamrudisha kazini hivyo hivyo, na huko hakuna kulala. Akanisihi n'malize. Basi nikamaliza. Kila nikimwaga kata moyo ulikuwa unapunguza. Nilipomwaga ya mwisho, ukanyamaza."

Ndani tulimsikia mama akianza kulia, kilio cha msiba, kile alichokizuia kwa miaka yote ile.

Badria alifuta mikono kwenye nguo yake nyeupe. Akamgeukia Ami Jecha kwa heshima, kama mtu anayeuliza jambo la dini.

"Ami, eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si ndiyo? Basi yangu inaanza lini? Jana kwa Kadhi, au leo?"

Ami Jecha akainama kuokota bakora yake, nami nikamshika wifi mkono, tukaingia ndani. Miezi minne na siku kumi zilipokwisha tulikwenda kumtoa eda, tukamchukulia nguo mpya na udi. Alitufungulia mlango, akatusikiliza mpaka mwisho, akatwambia mwanamke aliyemuua mumewe hajui anahesabu kutoka wapi. Yule mwanamme wa Makunduchi ameshaoa kwengine, na Badria bado yumo chumbani.