Vipakiti Viwili vya Mama Sáu

Kila alfajiri mama yake Nhiên huwasha jiko la pumba za mpunga na kuanza kupika karatasi za mchele. Humwaga uji mwembamba juu ya kitambaa, akafunika, akasubiri kidogo, kisha akabandua. Mtaa wetu mzima huishi kwa karatasi hizo laini zinazoliwa, za kuviringia mboga na kamba wadogo, na kwa sababu ya moshi wa jiko hilo mtaa wetu mzima hukohoa. Kazi ya Nhiên, msichana wa miaka kumi na miwili, ni kuzianika kwenye vichanja vya mianzi na kuwafukuza bata.

Jumamosi moja aliongezewa kazi nyingine. Mdogo wake Út, wa miaka sita, alikuwa amebanwa kifua tangu juzi.

"Nisikilize vizuri," Mama alisema huku akifunga mzigo kwenye pikipiki. "Dawa ya zahanati ni hii. Saa sita mchana, mara moja tu, kwa kikombe chake, mpaka kwenye mstari huu. Usimpe kitu kingine."

"Sawa, Mama."

"Na akiendelea kukohoa, leo hakuna kutoka. Mtabaki ndani wote wawili."

Hapo ndipo Nhiên alipokosa raha. Jioni hiyo ilikuwa sikukuu ya mwezi mpevu, na yeye ndiye aliyechaguliwa kutangulia maandamano na taa kubwa ya karatasi yenye umbo la samaki. Wiki nzima hakuwa na wimbo mwingine. Majirani tulishamjua yule samaki mpaka magamba yake.

Saa sita alimpimia Út dawa sawasawa, hata tone halikuzidi. Út akanywa, akakunja uso, akakohoa. Saa saba ilipokaribia alikuwa bado anakohoa.

"Wewe, hebu pona basi!" Nhiên alifoka.

"Napona polepole, Dada," Út alijibu.

Nhiên akachukua akiba yake na kukimbia dukani kwa Mama Sáu, muuza dawa wa kona. Kwetu watu hawanunui boksi la dawa, hukatiwa. Unataja ugonjwa, muuzaji anachukua kidonge hiki, nusu ya kile, robo ya kingine, anavifunga kwenye kipakiti cha plastiki kisicho na jina wala maelezo. Ukimuuliza mtu amekunywa nini, atakwambia, "Kile cheupe na kile cha njano."

"Mama Sáu, nikatie dawa ya kikohozi. Ya Út."

"Ana dawa nyingine anayokunywa?" Mama Sáu aliuliza, macho yakiwa kwenye tamthilia ya simuni.

Nhiên alijua kwamba akisema ndiyo, angerudishwa mikono mitupu.

"Hana."

"Haya. Kipakiti kimoja sasa, kingine kesho asubuhi. Msalimie mama yako."

Njiani Nhiên alipiga hesabu zake. Kama kimoja kinaponya kesho, viwili vitaponya leo. Akavisaga vyote viwili na kuvikoroga ndani ya maji ya muwa.

"Chungu, Dada!"

"Kunywa! Unataka kuona taa, hutaki?"

Út akanywa yote, maskini, kwa sababu alimwamini dada yake.

Saa nane na nusu mikono ya Út ilianza kutetemeka. Alishindwa hata kushika kikombe. Mara akatapika, akajishika kifua.

"Dada, moyo wangu unakimbia. Usimamishe."

Nhiên aliweka kiganja kifuani pake na kuogopa vibaya sana. Moyo ulikuwa ukidunda kama unaotaka kutoka. Alimpepea, akamfuta uso, akamwita jina mara nyingi. Kisha akafanya jambo la kijinga kuliko yote: akavitupa vile vipakiti vitupu ndani ya jiko la pumba, vikaungua.

Mama alirudi saa tisa. Hakumaliza hata kushuka kwenye pikipiki alipomwona Út akitetemeka.

"Umempa nini?"

"Ile ya zahanati tu, Mama."

Walipakiana wote watatu wakaenda zahanati, Út akiwa katikati, akitetemeka mgongoni mwa Mama. Muuguzi wa zamu, Bi Quyên, alimlaza, akasikiliza kifua, akashika kifundo cha mkono huku akitazama saa.

"Mapigo mia na sabini kwa dakika," alisema. "Na kifua kinapiga filimbi. Amekunywa nini leo?"

Mama alitoa chupa. Bi Quyên akaisoma.

"Hii tuliiandika sisi. Ni dawa mbili ndani ya chupa moja: moja hulainisha makohozi, nyingine hupanua njia za hewa. Mlimpimia kwa kikombe?"

"Kwa kikombe," Nhiên alisema kwa sauti ndogo.

"Hamkumpa kingine chochote?"

Mama alimtazama Nhiên. Nhiên akatikisa kichwa.

"Basi huenda ni kukosa hewa. Nitampa mvuke wa dawa, kifua kifunguke."

Aliunganisha mpira kwenye mashine, akavunja kichupa kidogo.

"Hiyo ni dawa gani?" Nhiên aliuliza.

"Ya kupanua njia za hewa. Ni jamii ileile ya iliyomo kwenye chupa yenu."

Bi Quyên aliinua barakoa na kuisogeza usoni kwa Út. Nhiên aliona mikono ya mdogo wake ikicheza juu ya shuka. Alitamani ardhi impasukie. Barakoa ilibakiza kiganja kimoja tu kufika.

"Usimpe!" alipiga kelele. "Nilimpa nyingine! Vipakiti viwili vya Mama Sáu, vyote kwa pamoja! Nimewadanganya!"

Mama aliinua mkono.

"Mkono chini, mama," Bi Quyên alisema bila kugeuka. Alikuwa ameshazima mashine. "Kwanza mtoto. Nhiên, saa ngapi?"

"Saa saba."

"Vidonge vya namna gani?"

"Sijui. Vilikuwa vyeupe. Na cha njano."

Bi Quyên akampigia simu Mama Sáu, kisha daktari wa hospitali ya wilaya. Ndani ya kila kipakiti, pamoja na vingine, mlikuwa na dawa ileile ya kupanua njia za hewa. Út alikuwa amekunywa dawa moja mara tatu, na ya nne ilikuwa mlangoni. Gari la wagonjwa liliwekwa tayari. Út akawekewa hewa ya oksijeni puani na kuangaliwa bila kuachwa peke yake hata kidogo.

"Njoo hapa," Bi Quyên alimwita Nhiên. "Weka vidole hivi, kwenye kifundo cha mkono wake. Kila robo saa utahesabu na kuniambia, na mimi nitahesabu baada yako."

Mia na sitini na nane. Mia na sitini na nne. Halafu ikapanda tena hadi mia na sabini, na Mama akaanza kulia. Nhiên naye alilia, lakini hakuacha kuhesabu. Mia na hamsini. Mia na thelathini na nane. Saa kumi na mbili na nusu mikono ya Út ilitulia, akaomba uji.

Bi Quyên aliketi mbele yao.

"Dawa ya kikohozi inaweza kuwa na dawa mbili au tatu ndani yake. Ukiichanganya na isiyo na jina, huwezi kujua unachozidisha. Fuata kipimo, usiharakishe kupona, na ukiulizwa mgonjwa amekunywa nini, sema kila kitu. Kukosea kwako, Nhiên, kulimuumiza mdogo wako. Kunyamaza kwako kungeweza kumuua, tena kwa mkono wangu."

"Njia ya kwa Mama Sáu nimemfundisha mimi," Mama alisema polepole. "Sote tumekatiwa dawa pale."

"Basi mtaiacha wote."

Nhiên alikuwa bado ameshika kifundo cha Út.

"Mia na kumi na mbili," alisema.

"Kweli?" Mama aliuliza.

Nhiên alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu saa tisa.

"Nilipoteza hesabu nilipofika sabini, Mama. Ngoja nihesabu upya."