Kabati Namba 700

Kabati namba 700 lilikutwa tupu Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya maziko ya mkuu wa ukoo. Ghala la mikeka ya thamani ya kupeleka misibani, nyuma ya kanisa hapa mjini Nuku'alofa, halikuwa limevunjwa popote. Kompyuta ya mlangoni ilionyesha kwamba Alhamisi nzima lilifunguliwa kabati hilo tu, saa kumi jioni. Jina lililoandikwa: Vika, mwenye kabati.

"Kadi ilikuwa shingoni mwangu, afande," Vika alimwambia Sajini Losaline. "Niibe mkeka wangu mwenyewe?"

"Ameuuza," alidakia Kalolaine, dada wa marehemu baba yake Vika. "Mama yetu alisuka miwili ya kufanana, mmoja wa kaka, ndio aliourithi Vika, mmoja wangu. Wangu ninao. Huyu kesho aende msibani mikono mitupu? Asikanyage."

Vika aliinama. Kwa mila yao, shangazi hajibiwi.

Losaline hakumwamini yeyote, na wa kwanza kutoaminiwa alikuwa Semisi, fundi aliyeunda programu ya makabati.

"Wewe unafungua lolote."

"Kadi yangu ya fundi huandikwa kivyake, kwa jina langu."

"Na kadi nyingine haiwezi kufungua 700?"

"Haiwezi. Kompyuta inalinganisha namba ya kadi na ya kabati."

"Herufi kwa herufi?"

Semisi alijikuna shingo. "Hapana. Niliiacha ilinganishe kwa ulegevu. Kilichoandikwa kikisomeka kama namba, inakigeuza namba kwanza, ndipo..." Akaivuta kibodi karibu. "Afande, makabati mapya yana herufi, A mpaka F. Na kwa kompyuta, E katikati ya tarakimu ni hesabu ya sifuri. 7E2 ni saba na sifuri mbili."

"Mia saba. Na linaandikwa jina la nani?"

"Kwa kadi za kawaida, la mwenye kabati lililofunguka."

Losaline alirudi ghalani. "Shangazi Kalolaine, hebu jaribu kadi yako kwenye safu hii ya zamani."

Kalolaine alianza na 100. Taa nyekundu. 200, nyekundu. Alipomaliza 600 akageuka. "Unaona? Hayafunguki."

"Umebakiza moja."

"Miguu inaniuma, mwanangu."

"Basi pumzika. Vika, weka kadi yako kwenye 7E2, kabati la shangazi."

Taa ya kijani. Ndani hamna kitu.

"Wangu nimeupeleka nyumbani," Kalolaine alisema haraka.

"Lini?"

"Jana."

"Jana lilifunguliwa kabati moja tu, shangazi. Si hili."

Kalolaine aliketi kwenye benchi. "Wangu niliuuza mwaka jana, mwanangu alipotaka nauli ya kwenda kuchuma matunda New Zealand. Kuna siku nilikosea kabati, la Vika likafunguka. Jana nikarudi, nikauchukua wake."

"Ungeniomba tu," Vika alisema. "Cha mtoto wa kaka yako ni chako, hata viatu nilivyovaa. Nani amewahi kukunyima?"

"Ningeomba, ningelazimika kusema wangu uko wapi."

"Ukaona afadhali niitwe mwizi mimi."

Losaline alitoa kalamu. "Utamshtaki?"

Vika alitazama barazani, ambako ndugu walikuwa wakisubiri. "Kesho aubebe yeye. Ni haki yake. Lakini kwanza atoke pale, awaambie."

Kalolaine alikaza mkeka wa msiba aliojifunga kiunoni, akatoka taratibu. Ndugu wakageuka kumtazama.

"Vika hajauza kitu," Losaline alimsikia akisema. "Aliyeuza ni mimi."