Meno ya Kwenye Kitako

Rafiki yangu Verlin ana kichwa kigumu kama nyumbu. Alinunua bunduki kuukuu ya jeshi mnadani hapahapa Kentucky, imegandwa na grisi nzito, na kwenye kitako chake cha mbao kulikuwa na alama za meno ya mtu.

Nikamwambia, "Toa grisi, lakini hayo meno usiyaguse! Aliyeuma hapo alikuwa na maumivu makali."

"Acha hizo, bwana. Ni mabonyeo tu."

Akaweka kitambaa chenye maji, akapitisha pasi ya moto mpaka ubao ukavimba na alama zote zikapotea. Nilimtukana! Nikaifungia bunduki kwenye kabati lake la chuma, katika chumba cha chini ya nyumba, nikaondoka na ufunguo asije akaiharibu zaidi.

Kesho yake akanipigia simu. "Njoo ufungue. Kuna kitu kinasaga meno humo ndani."

"Unanifanya mtoto?" nilifoka, lakini nikaenda. Chumba kile hakina dirisha. Tulisimama gizani tukiisikia sauti, na ilikoma nilipochomeka ufunguo.

Nikafungua, Verlin akamulika tochi: meno yalikuwa yamerudi palepale kwenye kitako. Nilipoyagusa, kidole kililowa mate, bado ya vuguvugu.