Tundu la Sita

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Chiriku anaikumbuka dakika hiyo kwa sababu saa yenyewe alikuwa ameishika mkononi. Baba yake alikuwa ameisahau mezani alipotoka kwenda kazini, Chiriku akatoka mbio nyuma yake mpaka kwenye lango la yadi.

Jina la Chiriku alipewa na mtaa mzima kwa ajili ya mdomo wake usiotulia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na asubuhi zake zote zilikuwa huru, maana darasa lao lilisoma zamu ya mchana. Wakubwa wa shule walikuwa wameahidi madarasa mapya tangu Chiriku yuko chekechea. Yeye sasa alikuwa darasa la sita, na madarasa yalikuwa bado ni ahadi.

Baba yake alikuwa mwendesha kreni katika yadi ya kutengeneza mabomba ya zege. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akipanda ngazi ya vidato hamsini na viwili, akaketi kwenye kile chumba kidogo cha vioo huko juu, na kuyainua mabomba makubwa kama anainua vikombe vya chai. Huko juu ndiko kulikokuwa na raha yake yote.

Asubuhi ile ofisi ilikuwa imeleta mikanda mipya ya usalama, ya utepe mnene wa rangi ya chungwa, kila mmoja na matundu matano yenye vijiduara vya chuma. Ni jambo jema, hakuna aliyebisha: mtu akiteleza ngazini, mkanda unamshika. Ila yote ilikuwa saizi moja. Msimamizi wa yadi aliwapanga wafanyakazi wote mstari, akaanza kuwafunga mmoja mmoja. Alipofika kwa baba Chiriku, bizimu haikulifikia hata tundu la mwisho.

"Vuta tumbo ndani," alisema msimamizi.

"Nimelivuta, bosi."

"Basi livute tena."

"Pipa, toa pumzi zote!" alipaza sauti mtu mmoja mstarini.

"Akitoa zote tutamzika hapa hapa!" alijibu mwingine, na yadi nzima ikaangua kicheko.

Msimamizi aliweka vidole vyake kwenye ile nafasi iliyobaki, akavihesabu mbele ya watu wote. "Vidole vinne. Basi, kuanzia leo unakaa chini, chukua fagio. Nakupa miezi mitatu. Bizimu ikifika tundu la mwisho, utapanda. Isipofika, kile kiti kitapata mtu mwingine."

Baba Chiriku alilichukua fagio. Alipogeuka alimwona bintiye langoni, ameshika saa. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na ile saa.

Hakuna aliyeuliza unene ule ulitoka wapi. Miaka sita nyuma, pembeni ya yadi palikuwa na uwanja, na wafanyakazi walicheza mpira pale kila jioni. Baba Chiriku alikuwa winga, mwepesi kama swala. Ofisi ikauzungushia uwanja seng'enge, eti litajengwa ghala. Ghala halikujengwa, nyasi zikaota mpaka kifuani. Kisha saa ya chakula ikapunguzwa ikawa robo saa. Kwa robo saa mtu hula kilicho karibu: viazi vya kukaanga pale langoni, na soda ya kuvisukuma. Halafu mama Chiriku akaugua, akafa akisubiri gari la wagonjwa ambalo mpaka leo halijafika. Tangu hapo baba alikula akiwa peke yake, akakaa akiwa peke yake, na mkanda wa suruali ukawa unasogea tundu baada ya tundu.

Jioni ile baba alitangaza, "Kuanzia leo mimi na chakula tumeachana."

"Hata mkate?" aliuliza Chiriku.

"Hata harufu yake."

Siku nne alikunywa maji na chai ya rangi. Hakutulia. Alizunguka chumbani, akafungua kabati na kulifunga, akamgombeza Chiriku kwa kosa la kufunga mlango, kisha kwa kosa la kuuacha wazi. Siku ya tano, akiwa anafagia yadi, macho yakaingia giza akaanguka juu ya fagio lake. Wenzake wakambeba mpaka zahanati, na Chiriku akaitwa.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama mfupi mwenye mikono ya shati iliyokunjwa. Alimpima presha, akamtazama.

"Leo umekula nini, baba?"

"Maji."

"Na jana?"

"Maji na chai."

"Na usiku wa kuamkia leo?"

Chiriku akadakia, "Nimeamka asubuhi nikakuta sufuria ya wali ni tupu. Ilikuwa ya watu wawili!"

"Chiriku!"

"Si ameuliza, baba?"

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akavuta kiti. "Sikiliza. Mwili ukinyimwa kabisa, unalegea, na siku ukikiona chakula unakivamia kama mtu aliyetoka kifungoni. Unene huu umeukusanya kwa miaka mingapi?"

"Sita."

"Halafu unataka uondoke kwa siku sita! Kula mara tatu, usiruke hata moja. Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe maharage, au samaki, au yai. Robo iliyobaki iwe wali au viazi vya kuchemsha, si vya kukaanga. Soda iache. Kwenye chai unaweka vijiko vingapi vya sukari?"

"Vitano."

"Viwili. Ukizoea, kimoja. Na kila siku tembea nusu saa, mwendo wa kukutoa jasho lakini bado uweze kuongea." Akamtupia Chiriku jicho. "Wa kuongea naye naona unaye tayari. Lakini wewe binti, haya ya kupunguza si yako. Wewe unakua, kula ushibe."

Basi wakaanza. Kila alfajiri walitoka pamoja, wakauzunguka ule uwanja kwa nje, kandokando ya seng'enge, mara nne. Wiki ya kwanza baba alihema kama baiskeli yenye pancha, na Chiriku ndiye aliyeongea peke yake. Wiki ya tatu baba naye alianza kuongea, na mengi yalikuwa juu ya ofisi. "Uwanja uko hapo," alisema kila walipopita langoni pake, "umefungwa kufuli. Sisi tunazunguka nje kama kuku waliofungiwa banda." Lakini hakuacha kutembea.

Chakula cha mchana alikibeba kwenye kibakuli cha bati. Wenzake walimtania. "Jamani, Pipa amekuwa mbuzi, anakula majani!"

"Mbuzi mwenye kitambi umemwona wapi?" baba alijibu, akaendelea kutafuna.

Msimamizi alikuwa amemruhusu aende na mkanda wake nyumbani, kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi baba aliuvaa, na Chiriku akapima nafasi kwa vidole vya baba mwenyewe. Wiki ya tano vilibaki viwili. Wiki ya nane kikabaki kimoja. Wiki ya tisa, kimoja. Wiki ya kumi, kimoja kilekile.

"Kimegoma," alisema baba. Alijaribu kucheka, lakini usiku alikuwa halali vizuri, na mezani vidole vyake viligonga gonga bila kukoma. Kule juu kwenye kreni alikuwa anaketi kijana mmoja, mpwa wa msimamizi, na tayari alikuwa amening'iniza kofia yake kwenye kioo kana kwamba amehamia.

Chiriku naye hakutulia. Masomo hayakuingia. Kila alipofumba macho aliona kidole kile kimoja.

Jirani yao alikuwa mzee fundi viatu, ambaye meza yake ilikuwa barazani, na Chiriku alizoea kukaa pale asubuhi akimpasha habari za mtaa. Ijumaa iliyofuata, mzee alipoingia ndani kuchota maji, Chiriku aliuchukua msharasi wake, ule mrefu wa kutobolea ngozi ngumu, akaingia nao nyumbani. Akaukunjua mkanda. Tundu la tano lilikuwa mbali kidogo na ncha. Akatoboa la sita, karibu na ncha kabisa, akauzungusha msharasi mpaka sindano ya bizimu ikapita. Kisha akaurudisha msharasi kwenye meza ya mzee.

Jumamosi baba alivaa mkanda akiwa ameutazama ukuta, kama kawaida yake, maana hakupenda kuona. Chiriku akamfungia.

"Umefika, baba."

"Unasema kweli?"

"Jaribu kuuvuta."

Baba aliuvuta. Akamnyanyua bintiye mpaka kichwa kikagusa dari. Chiriku alicheka, akijizuia asiutazame mkanda. Siku nzima ya Jumapili baba aliimba akifua nguo zake za kazi. Mara tatu Chiriku alifungua mdomo amwambie, na mara tatu aliufunga. Chiriku, ambaye hajawahi kushindwa kusema kitu!

Jumatatu asubuhi baba aliondoka mapema. Chiriku alikwenda barazani kwa fundi viatu, akakuta mzee ameushika msharasi usoni, anaukagua.

"Hebu njoo, mjukuu wangu. Hizi nyuzi za rangi ya chungwa kwenye msharasi wangu zimetoka kwenye kiatu gani?"

Chiriku alizitazama ndala zake.

"Mdomo wako leo umefungwa na nani? Nyuzi hizi nazijua. Ni za mikanda ya kule yadi. Umetoboa wapi?"

"Kwenye ncha, babu. Ili baba apate kupanda."

Mzee aliuweka msharasi chini polepole. "Mtoto wee. Tundu lisilo na chuma, tena kwenye ncha? Mtu mzima akiteleza, utepe unachanika kama karatasi. Kimbia!"

Chiriku alikimbia. Ndala moja ilibaki njiani, hakuigeukia. Alipita langoni mlinzi akimwita, akayapita mabomba, akamwona baba amesimama chini ya ngazi, mkanda kiunoni, mguu mmoja tayari juu ya kidato cha kwanza. Msimamizi alikuwa pembeni na kalamu yake. Watu walikuwa wamekusanyika kutazama.

"Baba, usipande! Tundu ni langu! Nimelitoboa mimi!"

Baba aliushusha mguu, akainama kuutazama mkanda, na kwa mara ya kwanza akahesabu matundu. Akaufungua, akaufunga kwenye mlingoti wa chuma kwa tundu lilelile la sita, akaukamata kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu. Utepe ulichanika kwa sauti kama ya kitambaa kinachopasuliwa, na baba akarudi nyuma hatua tatu. Mkononi alibaki na mkanda uliokatika ncha.

Hakuna aliyecheka. Watu waliinua macho wakaitazama ngazi, vidato hamsini na viwili, kisha wakautazama ule mkanda tena.

"Mali ya ofisi hiyo!" msimamizi alifoka. "Mtoto wako ameiharibu. Na kumbe bado hutoshi!"

"Amekosa," alisema baba, "na mimi nimekosa, kwa kufungwa mkanda bila kuutazama. Mkanda nitaulipa. Lakini umenipa miezi mitatu, na imebaki wiki mbili. Nipe mkanda mwingine."

Msimamizi aliwatazama wale watu, naye akaona wote wanamtazama yeye. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Wiki mbili. Siku moja zaidi, hakuna."

Baba aliomba ruhusa ya asubuhi ile ampeleke bintiye nyumbani, na njiani kurudi Chiriku alilia mpaka kwikwi zikamshika. Alingoja kugombezwa, lakini baba aliendelea kutembea. Walipofika kwenye seng'enge ya uwanja, baba alisimama.

"Ulinionea huruma, najua. Lakini ulinipa uongo mtamu, nami nikauvaa kiunoni. Mkanda ungekaa kimya mpaka siku ninayouhitaji, halafu ndiyo ungesema kweli. Mwanangu, kidole kimoja kilichobaki nakiweza. Ungeniambia tu, 'Baba, bado,' ningetembea."

"Bado, baba," alisema Chiriku, akipangusa pua.

"Basi twende. Mizunguko mitano leo."

Wiki mbili zile hazikuwa na utulivu. Siku ya pili baba alisukuma sahani yake kando, anataka kulala njaa ili amalize upesi. Chiriku aliisogeza mbele yake tena. "Muuguzi alisema mara tatu," alisema, na baba akala. Walitembea mvua ikinyesha. Chai ikawa ya kijiko kimoja. Walipopita zahanati, muuguzi alimpima na kusema, "Mizani inashuka polepole, na upungufu wa hivyo ndio unaodumu. Usiisukume." Jumamosi ya kwanza, nusu kidole. Chiriku alipima mara tatu na kusema kilekile alichokiona.

Siku ya mwisho yadi nzima ilisimama. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyefunga mkanda mpya, na alihesabu matundu kwa sauti: moja, mawili, matatu, manne, matano. Sindano ya bizimu iliingia kwenye la tano. Akauvuta mara mbili, haukutoka. Mpwa wake alishuka kutoka kwenye kreni, kofia mkononi, na baba Chiriku akapanda vidato hamsini na viwili bila kupumzika hata kwenye kimoja. Alipofika juu, aligonga kioo mara mbili kumsalimu Chiriku aliyesimama chini.

Muuguzi aliposikia habari hizo alimwambia Chiriku, "Unaona? Chakula cha kiasi, miguu kila siku, na ukweli kila Jumamosi. Hakuna dawa nyingine niliyonayo. Na mwambie baba asiache kwa kuwa amefaulu. Hii ni kazi ya maisha."

Baba hakuacha. Wafanyakazi wengine wanne walianza kujiunga naye alfajiri, wakiizunguka seng'enge kwa mstari, wakijikwaa kwenye mawe na kutaniana. Chiriku aliongoza mbele, anaongea. Lakini kila walipopita lile lango lenye kufuli, wote walipunguza mwendo na kuzitazama nyasi.

Kwenye lango la yadi kuna sanduku la maoni, la bati, ambalo ofisi ililitundika zamani. Asubuhi moja Chiriku aliandika karatasi kwa mwandiko wake bora, akaikunja mara mbili na kuisukuma ndani. Alikuwa ameandika sentensi mbili tu, na sanduku lile halijafunguliwa bado:

"Baba yangu amepungua mpaka mkanda wenu umemtosha. Je, uwanja mtaufungua lini?"