Vijiti katika Shamba la Paskalina

Paskalina alikuwa mtu wa kushuku. Akipeleka viazi Makambako, aliichunguza mizani mbele na nyuma kabla ya kuweka gunia. Kanisani ukitangazwa mchango, aliuliza ni wa nini, hata kama umetangazwa mara mbili. Majirani zake, nje kidogo ya mji wa Njombe, walishamzoea. Na tuseme ukweli, mara nyingi alikuwa na sababu.

Mwaka huo alikuwa na mashaka mawili. La kwanza lilikuwa jirani yake, Lenard. Mashamba yao ya viazi yalipakana bondeni. Viazi vya Paskalina vilinyauka majani yakiwa bado ya kijani. Vya Lenard vilisimama.

"Kuna mtu anachezea shamba langu," alisema Paskalina. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani.

La pili lilikuwa shule. Binti yake, Aneth, alikuwa kidato cha pili. Shule ya kata ilikuwa imeanza mtaala mpya, na Aneth alikuwa katika mkondo wa amali, yaani masomo ya kazi na ufundi, upande wa kilimo.

"Jembe unalijua tangu nikikubeba mgongoni," Paskalina alimwambia. "Nimekupeleka shule uliache. Watoto wa wakubwa nao wanafundishwa kulima?"

"Tunasoma Hisabati na Kiingereza pia, mama."

"Kaka yako naye alisoma Kiingereza."

Aneth aliijua hadithi hiyo. Kaka yake, Hilari, aliwahi kusimama mbele ya wageni akataja sehemu zote za ua kwa Kiingereza. Wageni walipiga makofi, mama akatokwa na machozi. Kisha ukaja mtihani wa kidato cha nne. Maswali yaligeuzwa kidogo tu, Hilari akapata sifuri. Sasa aliendesha bodaboda Makambako.

Asubuhi moja ya ukungu, Paskalina alishuka bondeni. Alikuwa hajafika huko muda mrefu, kwa sababu ya palizi ya mahindi shamba la juu. Alipoingia tu, machale yakamcheza. Kando ya baadhi ya mashina ya viazi kulikuwa na vijiti. Kila kijiti kilifungwa kitambaa cheupe.

Kwanza aliwaza wapima ardhi. Halafu akamwaza Lenard. Vitambaa vyeupe, katika shamba linalonyauka! Hakutaka ushahidi mwingine. Aling'oa vijiti mstari baada ya mstari, mpaka mvua ilipomfukuza kabla hajamaliza. Alivifunga kwenye khanga akaondoka. Njiani alipita mlangoni kwa Lenard.

"Kamwene, Mama Hilari," Lenard alisalimia.

"Dawa zako nakwenda kuzichoma," alijibu Paskalina, akapita.

Aneth aliporudi kutoka shule alikuta kipande cha kitambaa karibu na mafiga. Alikaa chini pale pale.

"Mama, umechoma vijiti vyangu."

"Vyako?"

"Viazi vilipotoa maua nilichagua mashina mazima, nikayawekea alama. Tungechimba hayo kwanza, yawe mbegu. Mwalimu alisema tujaribu nyumbani."

"Si uweke vingine kesho?"

"Nitajuaje ni yapi? Majani yameanza kuwa ya njano kwa kukomaa. Ukiacha yaliyokwisha kunyauka, shina zima na shina gonjwa sasa yanafanana."

Aneth akalia. Paskalina aliona aibu, na aibu yake ikageuka hasira, kama kawaida.

"Kesho nakwenda huko shuleni. Nikikuta mnamlimia mwalimu shamba lake, hurudi tena."

Aneth aliujua mdomo wa mama yake. Akisema hurudi, basi hurudi.

Kesho yake Paskalina aling'oa shina moja lililonyauka, akalitia kwenye kikapu liwe ushahidi. Alipofika shuleni alichungulia dirishani kwanza. Hakuona jembe. Aliona wanafunzi wamezunguka glasi za maji, wakibishana. Mwalimu Rehana, binti kutoka Tanga aliyejifunika masweta mawili kwa baridi ya Njombe, alikuwa kimya. Hilo nalo Paskalina hakulipenda.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Mbona hufundishi?"

"Wanatafuta jibu wenyewe. Njoo uone."

Ndani ya kila glasi kipande cha shina la kiazi kilining'inia kwa uzi. Katika glasi moja maji yalikuwa safi. Katika nyingine, nyuzi nyeupe zilikuwa zikishuka kutoka kwenye shina, nyembamba, kama maziwa.

"Umetia nini humu?" Paskalina aliuliza.

"Huniamini?"

"Sijakuamini."

"Vizuri," alisema mwalimu, akampa kisu na glasi tupu.

Paskalina alikwenda bombani mwenyewe. Alisuuza glasi, akakinga maji, akakata kipande cha shina lake mwenyewe, akakining'iniza ndani. Alisimama akiikodolea macho glasi. Baada ya muda mfupi nyuzi nyeupe zikaanza kushuka.

"Hivyo ni vijidudu vya ugonjwa wa mnyauko," mwalimu alieleza. "Vinakaa kwenye udongo na ndani ya mbegu. Mbegu yako unaitoa wapi?"

"Tunauza viazi vikubwa, tunapanda vidogo. Kila mtu anafanya hivyo."

"Vidogo vingi hutoka kwenye mashina dhaifu. Unapanda ugonjwa kila mwaka."

"Na Lenard? Mbona vyake ni vizima?"

Aneth ndiye aliyejibu. "Nilimuuliza, mama. Pale alipanda mahindi misimu kadhaa. Sisi tunarudisha viazi pale pale."

Paskalina aliweka glasi mezani taratibu.

"Kwa nini Hilari wangu hakufundishwa hivi?"

"Alifundishwa kukariri," alisema mwalimu. "Hata mimi. Kushuku kwako ni kuzuri, mama, ukipima kama ulivyopima sasa. Usipopima, unachoma vijiti, kama Aneth alivyonieleza."

"Na mtihani? Utapima haya, au watataja tena sehemu za ua?"

Mwalimu Rehana alicheka kidogo. "Hapo umenibana. Mtaala umebadilika kwenye vitabu. Walimu na vifaa bado havitoshi, na wengi wetu bado tunaandika ubaoni, wao wananakili. Kubadilisha jina la somo ni rahisi. Kubadilisha tunavyofundisha na tunavyopima ndiyo kazi yenyewe. Wazazi mkinyamaza, tutarudi kule kule."

Kunyamaza hakukuwa tabia ya Paskalina. Kwenye mkutano wa wazazi alinyoosha mkono, watu wakaguna.

"Mnasema watoto wanajifunza kwa vitendo," alisema. "Leteni watoto watuonyeshe. Na mtuambie vifaa vinakuja lini."

Wazazi wengine wakaunga mkono. Kuanzia hapo kila mkutano ulianza na wanafunzi wakionyesha walichojaribu, na maswali ya Paskalina hayakuisha.

Kwa Lenard alikwenda na kuku. "Nilikushuku," alisema. Lenard alijibu kwamba moshi aliuona.

Mwisho wa shamba vilibaki vijiti vichache ambavyo mvua iliviokoa, mbali na mashina yaliyonyauka. Mbegu ya mashina yenye vijiti hivyo waliipanda msimu uliofuata shamba la juu, palipokuwa na mahindi. Viazi vilisimama vyote, vikatoa maua.

Hilari alikuja kusalimia, akainama juu ya ua moja. Akataja sehemu zake zote kwa Kiingereza, bila kukosea. Paskalina alikumbuka yale makofi, roho ikamuuma.

"Na shina lenyewe ni zima?" alimuuliza.

Hilari alilitazama kwa muda. "Sijui, mama."

Paskalina alimpa kijiti chenye kitambaa cheupe. "Muulize mdogo wako," alisema. "Lakini usimwamini. Angalia mwenyewe."