Uso wa Umurerwa Kwenye Jalada la Jeu Yetu

Jiwe lilimpata Umurerwa nyuma ya shingo, katikati ya soko la Baraka, mchana, bantu beko nauza na kununua kama siku zote.

Nilikuwa naye. Nilimshika mkono, nikageuka.

Vijana walikuwa wamesimama pale moto, zile pikipiki, zinapongojea abiria. Mumoja alikuwa ameinua simu.

"Njo huyu, ni yeye," akasema. "Shetani wa kwenye jeu. Muangalie vizuri."

Nilimfuata nikamnyang'anya ile simu.

Niliona uso wa rafiki yangu. Macho meupe, hayana mboni. Meno marefu. Damu kidevuni. Na juu ya kichwa chake, kwa herufi nilizochora mimi mwenyewe, jina la jeu yetu, muchezo wetu wa simu: USIFUNGUE.

Nikageuza kioo cha simu chini.

"Fanny, ni nini?" Umurerwa akauliza. "Nionyeshe."

Sikutaka kumuonyesha. Akaichukua mwenyewe mkononi mwangu. Akaangalia. Akamrudishia yule kijana simu yake, polepole, akaanza kutembea kwenda kwao.

Ndugu zangu munaosoma hapa, ngoja niwaeleze tulifikaje pale.

Mi nachora. Hapa Baraka mumeona kazi yangu hata kama hamunijui: kuta za saluni, majina ya mitumbwi inayokwenda Ubwari. Lionel alikuwa muchumba wangu. Familia yake ilikuwa imeshakuja kwetu kujitambulisha, kilichobaki ni mahari. Yeye anajua kompyuta. Njo aliniambia tutengeneze jeu ya kuogopesha, tuiweke kwenye duka la mtandao, dunia yote iione.

Wazo la jeu lilikuwa langu. Musichana yuko peke yake ndani ya nyumba. Mulango unagongwa. Anayegonga ana sauti ya mama yake. Halafu ana sauti ya baba. Halafu ya muchungaji. Kazi yako ni moja tu: usifungue.

Hakuna zimwi ndani ya ile jeu. Hata moja. Sisi wa huku hatuhitaji zimwi. Mulango ukigongwa giza likiingia, kila muntu wa huku Fizi anajua vile moyo unafanya.

Sauti ya musichana ilikuwa ya Umurerwa. Tunaimba naye chorale moja, kwaya ya kanisa. Familia yake ni ya Minembwe, kule juu, bantu ba ng'ombe. Yeye alishuka kuishi kwa shangazi yake na kusoma uuguzi. Munajua vile iko huku kwetu kati ya bantu ba juu na sisi ba chini, miaka ya vita na visasi. Sitaeleza, munajua. Lakini Umurerwa alikubali kutupatia sauti yake. Alinong'ona mbele ya simu yangu mupaka nywele zikanisimama.

Sasa jalada, ile picha ya mbele ya jeu.

Ukifungua duka la jeu kwenye simu, unaona vipicha vimepangwa kama viberiti. Muntu anapitisha kidole mbio mbio. Picha yako isipomushika hapo hapo, imeisha. Ukijaza mambo mengi, mti, mwezi, damu, nyumba, fuvu, vyote vinakuwa matope. Kwa hiyo mi nilichora kitu kimoja: mulango, umeonekana kutoka ndani. Giza pande zote. Chini ya mulango, musitari wa mwanga. Na ndani ya ule mwanga, vivuli vya miguu miwili.

Basi.

Lionel aliangalia, akakunja uso.

"Iko nzuri, lakini haiogopeshi."

"Uiache mbali, uiangalie ikiwa ndogo."

"Bantu banataka kuona kitu, Fanny. Mulango ni mulango tu."

Tukaiweka dukani na mulango wangu, nikafikiri tumemaliza kubishana. Kumbe yeye njo alikuwa na neno la siri la duka. Alitoa mulango wangu bila kuniambia, akaingia ndani ya simu yangu, kwenye picha za birthday yangu, akakata uso wa Umurerwa akiwa anacheka. Akaugeuza vile nilivyouona sokoni.

Kutoka sokoni nilimkuta Lionel nyumbani kwao, amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi, anacheka na kioo chake.

"Lionel, umefanya nini?"

"Umeona? Bantu beko nabonyeza sana. Mulango wako haukupata hata nusu."

"Umurerwa amepigwa jiwe."

Kicheko kikapotea kidogo. Kidogo tu.

"Na nani?"

"Na bantu baliomuona kwenye jalada lako."

"Mi niliweka kwenye duka. Kama bantu ba mutaa beko naituma kwa groupe za WhatsApp, si mimi."

"Itoe."

"Nikiitoa sasa tunaanguka. Fanny, fikiri. Hii ni nafasi yetu."

"Ulimuomba ruhusa?"

"Yule? Angekubali?"

Musome tena lile jibu. Alijua angekataa. Njo maana hakuuliza.

Nilitoka pale nikaenda kwa Umurerwa. Nilimkuta anakunja nguo, anatia ndani ya mufuko. Shangazi yake, mama Mukankuranga, alikuwa amekaa mulangoni, hakunikaribisha. Sikumulaumu.

"Narudi juu," Umurerwa akasema.

"Barabara iko mbaya, unajua."

"Hapa pia iko mbaya."

Nilikaa chini kwenye mukeka. Sikuwa na maneno matamu.

"Picha ilitoka kwenye simu yangu," nikamwambia. "Sikujua, lakini ilitoka kwangu. Ukitaka kwenda, nitakusindikiza mupaka unapopanda. Ukitaka kubaki, tunapigana leo."

"Tunapigana na nini?"

"Na uso wako. Duka lina sheria. Muntu akisema, huyu ni mimi na sikukubali, lazima basikilize. Lakini useme wewe. Si mimi."

Aliendelea kukunja nguo. Shangazi yake njo alijibu, bila kugeuka.

"Andika, mwanangu. Andika na jina lako lote."

Tuliandika. Mi nilitafsiri kwa Kifaransa, yeye akaweka ile picha ya kweli, anacheka, na karibu yake ile ya damu. Akatuma.

Ukurasa wetu ukafungwa. Jeu yote ikaondoka dukani.

Hapo njo vita ilianza.

Kwetu mama alilia kama kuna musiba. "Utapoteza bwana kwa sababu ya picha?"

"Si picha, mama. Ni muntu."

"Na muntu mwenyewe si wa kwetu hata."

"Mama, huyu muntu anakaa karibu nawe kanisani kila juma. Unamushika mukono ukisali."

 Familia mbili zikaitana. Tukakutana kwao Lionel, wazee ndani, chai mezani. Papa Wilfried, baba yake mukubwa, njo aliongoza. Nilikuja na Umurerwa. Bamoja balinong'ona kumuona anaingia. Nilimvutia kiti, akakaa, nikakaa karibu yake.

Papa Wilfried akasema, "Fanny, umefunga kazi ya muchumba wako. Muombe radhi, tumalize, tuongee mahari."

"Papa, kwa heshima yako, sitaomba."



Lionel akasimama, sauti laini, ile anayotumia mbele ya wazee. "Mi nilikosea kidogo kwenye picha, nakubali. Lakini ile fujo ya soko, sikuileta mimi. Mi sikutuma picha kwa groupe yoyote. Ni bantu babaya ba mutaani."

Gentille, dada yake mudogo, alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini.

"Yaya," akamwambia kaka yake. "Ulinitumia mimi wa kwanza."

Lionel akamgeukia. "Nyamaza."

"Uliniambia nitume kwa groupe ya soko. Ukasema niandike: munamujua huyu? Ukasema bantu bakiongea njo jeu itajulikana. Mi nilikataa. Ukachukua simu yangu ukatuma mwenyewe."

Akaitoa simu, akampatia Papa Wilfried. Muzee akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena.

Ndugu zangu, mi nilifikiri muchumba wangu amefanya ujinga. Kumbe alijua kabisa. Alijua vile iko huku kwetu, alijua jina la Minembwe linabeba nini sokoni, na akaamua hatari ya Umurerwa ni tangazo zuri.

Papa Wilfried akavua miwani.

"Mutoto huyu angekufa," akamwambia Lionel. "Ungesema nini kwa shangazi yake?"

Muzee akamrudishia Gentille simu yake.

"Patia Fanny ile neno la siri. Sasa hivi. Mbele yangu."

Akalitoa. Mi nikalibadilisha pale pale, nikasimama.

"Na uchumba umeisha," nikasema. "Mama, unisamehe. Siwezi kulala nyumba moja na muntu anayeuza jirani yake."

Mama aliangalia Umurerwa muda murefu. Kisha akachukua kitambaa chake, akasimama na sisi.

Tuliwaandikia ba duka tena, tukabaonyesha mulango wangu. Ukurasa ukafunguliwa. Njo hapo nikaingia kwenye hesabu za duka, zile Lionel alikuwa anaziona peke yake, na kuona ukweli alionificha. Ndiyo, bantu balibonyeza ule uso wa damu. Halafu balitoka mbio. Jalada liliwaahidi zimwi, ndani hakuna zimwi, bakajiona bamedanganywa. Mulango wangu, mbele yake, ulibonyezwa kidogo, lakini aliyeingia alibaki. Muchezaji mumoja aliandika: sikuona kitu, na bado sijazima taa.

Kabla hatujairudisha jeu yenyewe, nilimuuliza Umurerwa kama anataka nitoe na sauti yake pia. Asionekane popote. Asiguswe tena.

"Hapana," akasema. "Andika jina langu kwenye jalada."

"Una hakika? Bantu batalisoma."

"Njo nataka balisome. Balinipatia jina la shetani. Mi nina langu."

Kwenye kazi ya jalada kuna sheria: usijaze maneno. Jina la jeu linatosha. Maneno madogo hayasomeki kwenye simu, yanakuwa vumbi.

Basi la Umurerwa nikaliandika kubwa.

Wewe unayechora, unayepiga picha, unayetafuta bantu babonyeze: uso wa muntu si kitu cha kuokota. Muulize mwenyewe. Na kama unajua kabisa atakataa, umeshapata jibu lako. Liheshimu.